Ishara ya Aliyefungika Ulimi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Huulizwa: mtu akipigwa na faliji, ambayo wengi huiita kiharusi, nusu ya mwili wake ikafa na ulimi wake ukafungika, je, yu bado na neno katika mali yake na nyumba yake? Au jamaa zake wana haki ya kumhesabu kuwa amekwisha ondoka duniani, ila pumzi?

Swali hili si la vitabuni tu. Huko Shinyanga, Kahama na Geita, katika nchi ya dhahabu, watu wa kila kabila hukutana mashimoni, na watu wa pwani wamo. Huanguka mmoja, ama kwa shinikizo la damu lililopasua mshipa wa ubongo, ama kwa jiwe lililomporomokea shimoni. Akizinduka, mkono wa kuume hauinuki, na kila akitaka kusema hutoka neno moja tu, lile kwa lile. Wenziwe husema, "Huyu akili imemtoka." Kisha hugawana fungu lake la mawe ya dhahabu, na nduguze nyumbani huanza kuuza alicho nacho, naye yu hai, anatazama.

Basi yapasa ijulikane kwanza ubongo hufanyaje kazi. Ubongo una pande mbili, na kila upande hutawala upande wa mwili ulio kinyume chake. Kwa watu walio wengi maneno yamo upande wa kushoto. Ndiyo sababu kufa kwa mkono wa kuume mara nyingi huandamana na kufungika ulimi. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, tabibu Paul Broca alimwangalia mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakutamka ila "tan". Lakini aliyoulizwa aliyafahamu mengi, na mambo ya hesabu akiyajibu kwa vidole. Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: mgonjwa husema kwa wepesi, lakini maneno yake hayana maana, na ya wengine hayafahamu vyema. Basi ulimi na ufahamu ni vitu mbali mbali. Chaweza kuharibika kimoja na kingine kikasalia.

Sharia imelitambua jambo hili tangu zamani. Nabii Zakariya alizuiliwa kusema na watu siku tatu ila kwa ishara, wala hakupungukiwa na unabii wake. Na katika Sahihi za Bukhari na Muslim imo habari ya kijana mwanamke wa Madina aliyepondwa kichwa kati ya mawe mawili. Akatajiwa watu, mmoja baada ya mmoja. Alipotajwa aliyemponda, akaashiria kwa kichwa: naam. Yule mtu akakamatwa, akaulizwa, akakiri. Na wanavyuoni wa Kishafii wamesema kuwa ishara ya bubu yenye kufahamika ni kama tamko lake katika kuuza na kutaliki; na aliyefungika ulimi akausia kwa ishara yenye kufahamika, wasia wake ni sahihi.

Lakini mwenye insafu hataficha uzito uliopo. Bubu tangu kuzaliwa ameizoea ishara yake. Mwenye faliji huenda ishara nayo imeharibika, kwani pigo lile lile la upande wa kushoto laweza kuusahaulisha hata mkono mzima namna ya kutenda alilokusudia mwenyewe. Hugo Liepmann wa Ujerumani alilieleza hilo mwaka 1905. Tena aweza kutikisa kichwa kwa "siyo" naye akusudia "ndiyo". Hapo mtu wa tamaa hupata mlango: huuliza mara moja, akapata mtikiso mmoja, akatangaza, "Mzee ameridhia."

Dawa yake si kuipuuza ishara, bali ni kuichunguza. Aulizwe kwanza yajulikanayo: hili ni jina lako? Huyu ni mwanao? Kisha swali ligeuzwe: aliyeulizwa, "Waridhia kuuza?" aulizwe pia, "Wakataa kuuza?" ili jibu la kweli ligeuke pamoja na swali. Aulizwe tena siku nyingine, mbele ya mashahidi wasio na fungu katika mali. Aulizwe kwa lugha ya mamaye, kwani kwa ajuaye lugha mbili huenda moja ikasalia zaidi. Msukuma aliyenyamaza kwa Kiswahili huenda akajibu kwa Kisukuma. Wala isifanywe haraka, kwani wengi hurudishiwa maneno kidogo kidogo kwa miezi. Hata huko Madina, ishara ilifungua uchunguzi, na kukiri kukafuata.

Na wenye kudhulumiwa kwa dhana si hao peke yao. Wachimbaji wadogo hushikiza dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake huvutwa kifuani ukafika ubongoni. Aliyeuvuta kwa miaka huenda akatetemeka mikono na kuyumba katika mwendo wake. Watu wakamwita mlevi, naye hajapata kuonja pombe. Mwendo wa mwili si kipimo cha moyo.

Mtu asiyeweza kusimama husali ameketi. Asiyeweza kuketi, amelala. Asiyeweza kuinua kichwa huashiria kwa kope zake. Na kope zikishindwa, husali kwa moyo wake. Ikiwa Mwenyezi Mungu amempokelea sala kwa kope, ni nani katika waja aliye na haki ya kumkatalia neno lake kabla hajamuuliza?

Wallahu aalam.