Masizi ya Himalaya na Dhamana ya Asiyekusudia

Mahujaji wa Kihindi wafikao Gaumukh, kwenye kimo cha takriban mita 4,000 katika milima ya Himalaya, huenda kuoga na kuteka maji mahali ambapo mto Bhagirathi, ambao kwa imani yao ndio chimbuko la Ganga, unachomoza chini ya barafu ya Gangotri. Na barafu hiyo, iteremkayo bondeni kwa urefu wa karibu kilomita 30, haina weupe ule wanaoudhania walio mbali, maana imetapakaa mawe na vumbi, na ndani ya vumbi hilo mna chembe nyeusi ambazo asili yake si mlima. Ni masizi, yaliyopandishwa na pepo za mchana kutoka nyanda za chini, ambako halaiki ya watu hupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, tanuri za matofali huwaka miezi mingi ya mwaka, malori ya dizeli hayajui usiku wala mchana, na wakulima wa Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga kila ifikapo Oktoba na Novemba.

Theluji mpya huurudisha mbinguni mwanga wa jua kwa kadiri ya sehemu 80 hadi 90 katika mia, na weupe huo ndio ulioihifadhi dahari kwa dahari; lakini masizi, hata yakiwa haba kiasi cha kutoonekana kwa macho, huufyonza mwanga na kuugeuza joto, na theluji inapoyeyuka hayashuki yote na maji, bali mengi husalia juu yakirundikana, hata uso ukazidi weusi kwa kadiri unavyozidi kuyeyuka. Atembeaye juu ya barafu za namna hii huona vishimo vya mviringo, vingine vya kuingia kidole, vingine ngumi, vimejaa maji maangavu, na chini kabisa limetulia tope jeusi: tope hilo ndilo lililochimba kishimo, kwa kulimeza jua na kuyeyusha barafu iliyo chini yake. Nordenskiöld, mtaalamu wa Kiswidi, alivieleza vishimo vya jinsi hiyo huko Greenland mwaka 1870. Na ajabu ni kwamba katika tope lile mnaishi mwani na bakteria.

Swali linalonishughulisha halijibiwi na wapima theluji. Mwanamke wa Bihar, nchini India, aamkaye alfajiri, akapanga vibonge vya kinyesi mekoni, akapuliza moto huku machozi yakimchuruzika, ili wanawe wasishinde na njaa, je, ana hatia ya maji yatakayowapungukia, barafu ikiisha, wajukuu wa watu wengine? Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kudhurika, kwani Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee. Mwenye insafu hawezi kumwita mdhalimu.

Mabishano haya ni ya kale katika nchi hiyo hiyo. Wafuasi wa Buddha walishika kwamba tendo hupimwa kwa kusudi la mtenda; Wajaini, watu wa dini nyingine ya huko, wakawapinga, wakisema kwamba madhara humganda aliyeyaleta hata kama hakuyajua, na ndiyo maana watawa wao hufagia njia mbele ya nyayo zao, na baadhi huziba vinywa kwa kitambaa wasije wakaua kidudu kwa pumzi. Nawaheshimu wote wawili, walakini kauli ya kwanza inaiacha barafu bila mdai, na ya pili inamtwika fakiri mzigo asioweza kuutua.

Mafakihi wa Kiislamu walizitenga hesabu mbili, ya dhambi na ya fidia. Mtoto mdogo akivunja chungu cha jirani, haandikiwi dhambi. Hata hivyo thamani ya chungu hulipwa katika mali yake. Na mtu akiua kwa kukosea, roho iliyokwenda haikosi diya, fidia ya damu, ila haachiwi yeye peke yake kuilipa: huibeba akila yake, yaani jamaa zake wa kuumeni, kwa mafungu ya miaka mitatu. Naiona hukumu hii kuwa hikima kubwa, kwa sababu haikungoja apatikane mwovu ndipo aliyedhurika apate haki yake.

Litaulizwa: akila ya mama yule ni nani? Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, wakifuata yaliyopokewa kutoka kwa Khalifa Umar, walikubali kwamba walioandikwa katika daftari moja la askari huwa akila wao kwa wao ijapokuwa hawana nasaba, kwani waliangalia nusura, nani humnusuru nani. Kwa kipimo hicho naiandika katika daftari serikali yake, na wenye tanuri na malori waliotajirika kwa moshi ule ule, na mataifa ya Ulaya pia, ambayo masizi ya makaa yao ya mawe ya nusu ya pili ya karne ya 19 yangalimo, tabaka juu ya tabaka, katika barafu ya Alps, na ambayo gesi zao zinaipasha joto Himalaya hadi leo.

Tena deni hili lina wepesi wake. Gesi ya kaboni hukaa angani karne kwa karne, lakini masizi hukaa siku chache, au wiki moja mbili, kisha huanguka. Alipaye leo huweza kuyaona matunda yake yu hai. Serikali ya India ilianzisha mwaka 2016 mpango wa Ujjwala, na kufikia Septemba 2019 wanawake maskini milioni 80 walikuwa wameunganishiwa gesi ya kupikia, jambo ninalolihesabu kuwa malipo ya kweli. Ila mtungi wa kwanza ulipokwisha, bei ya kuujaza tena iliwashinda wengi, wakarudia kuni na kinyesi, jiko jipya likawekwa pembeni. Na akila iliyotoa fungu la mwaka wa kwanza ikanyamaza kwa miaka iliyosalia, kwa hukumu ya mafakihi wale wale, bado inadaiwa.