Wimbo Unapohamia Kinywa Kingine

Medusa ni albamu ya pili ya Annie Lennox, mwimbaji kutoka Uskoti, tangu alipoanza kuimba peke yake baada ya miaka yake katika kundi la Eurythmics. Ilitoka Machi 1995 ikiwa na nyimbo 10, na hakuna hata mmoja alioutunga yeye. Zote zilikuwa zimeshaimbwa na wengine, wakiwamo Bob Marley, Paul Simon, Neil Young na The Clash. Hata hivyo ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na kufika ya 11 Marekani. Watu walinunua nini hasa: nyimbo walizokwisha kuzijua, au kitu kipya?

Wanafalsafa wamelijibu swali hili kwa njia zinazopingana. Nelson Goodman, katika kitabu chake cha 1968, alishikilia kwamba kazi ya muziki ni ile iliyoandikwa kwa nota. Anayekosea nota moja tu hajaipiga kazi hiyo. Kipimo hiki ni kikali mno kwa muziki wa pop, ambao mara nyingi huzaliwa studio bila kuandikwa popote. Theodore Gracyk, mwaka 1996, alisema kuwa katika roki kazi yenyewe ni rekodi. Kwa hoja yake, Lennox alitengeneza kazi 10 mpya. Lakini msikilizaji hapaswi kusahauliwa: husikia mistari miwili tu akasema wimbo huu anaujua, na hakosei.

Historia ya chati inaonyesha uzito wa kumbukumbu hiyo. No More I Love You's ulirekodiwa kwanza mwaka 1986 na kundi la The Lover Speaks, ukaishia nafasi ya 58 Uingereza. Kwa sauti ya Lennox ulifika nafasi ya pili, na mwaka uliofuata ukampatia tuzo ya Grammy. Utunzi ulikuwa ule ule, ila wasikilizaji wengi hawakuwa na sauti nyingine ya kuulinganisha nao. A Whiter Shade of Pale, uliokuwa namba moja kwa Procol Harum mwaka 1967, uliishia nafasi ya 16 kwake. Waiting in Vain wa Marley uliishia ya 31. Ni kweli kwamba singo zinazofuata ile ya kwanza huuza kidogo, kwa kuwa wengi wameshainunua albamu nzima. Lakini pia si rahisi kuimba mbele ya sauti ambayo watu wameishi nayo kwa miaka.

A Whiter Shade of Pale una mkasa wake pia. Kinachotambulika kwanza ndani yake ni kinanda cha Matthew Fisher, mpiga kinanda wa Procol Harum, ila kwa miaka karibu 40 jina lake halikuwamo miongoni mwa watunzi. Sheria ilihesabu maneno na melodia ya mwimbaji, na mchango wa kinanda ukachukuliwa kuwa sehemu ya upigaji tu. Fisher alishtaki, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Uingereza ikampa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki huo. Rufaa ilimpunguzia haki yake, lakini mwaka 2009 Baraza la Malodi likamrudishia. Hivyo mpaka kati ya kutunga na kupiga, ambao nadharia nyingi huuegemea, ulihamishwa na majaji.

Chati huhesabu rekodi, sheria hulipa utunzi, na msikilizaji hushika kitu cha tatu kinachopita katikati ya hivyo viwili. Wimbo ni hicho cha tatu: hubaki ule ule kadiri unavyotambulika, na huwa mpya kadiri sauti inavyoutia maana ambayo haikusikika kabla. Kwa kipimo hicho, The Lover Speaks waliutunga No More I Love You's, na Lennox ndiye aliyewafanya watu wausikie. Heshima ya mmoja haimpunguzii mwingine kitu.