Hukumu ya Kuchinja Sungura

 

Tangu zama za misafara ya Kilwa, watu wa pwani huenda Ziwa Nyasa kutafuta riziki. Basi mgeni akifika Mbinga au Liuli, na mwenyeji akamtoa sungura bandani ili amkirimu, asiseme kwamba ni haramu, wala asile pasipo kujua ameuawaje.

Sungura ni halali katika madhehebu ya Imamu Shafii. Anas bin Malik alimkamata mmoja huko Marr al-Dhahran, Abu Talha akamchinja, na Mtume (s.a.w.) akapokea mapaja yake. Lakini wako wamwuao kwa rungu la kisogoni au kwa kumvunja shingo. Huyo ni mzoga. Sura ya Al-Maida imemharimisha mnyama aliyepigwa hata akafa, na udogo wake haubadili hukumu.

Mchinjaji na anoe kisu mbali na macho ya mnyama, ataje jina la Mwenyezi Mungu, akate koromeo na umio pamoja. Asichune mpaka roho imetoka. Kisha amtundike kwa miguu ya nyuma, apasue ngozi mapajani, aivute chini kama kanzu ivuliwavyo, atoe matumbo pasipo kutoboa kibofu wala nyongo.

Mwenyeji asiyejua hukumu asikemewe. Mgeni aombe kwa adabu achinje mwenyewe. Hivyo halali hulindwa, na ujirani haukatiki. Wallahu aalam.