Je, Tulipie Kuketi Pamoja Ndani ya Ndege?

Kuna ugomvi mpya ulioingia nyumbani kwetu pamoja na safari za ndege. Bwana na bibi wamejinyima mwaka mzima, wamepata nauli ya kwenda na watoto wawili kuwaona jamaa walioko Marekani au Uingereza. Wakati wa kununua tikiti wanaulizwa: je, mwataka kuchagua viti? Ongezeni pesa. Je, mwataka kuingia ndegeni mbele ya wengine? Ongezeni tena. Bwana asema, "Ndege ni moja na sote tutashuka pamoja. Hizo ni pesa za bure." Bibi ajibu, "Na mtoto akipewa kiti cha nyuma peke yake, nani atamfunga mkanda?" Hapo maneno huanza.

Nani mwenye haki? Kabla ya kujibu, yafaa tujue malipo haya yalitoka wapi.

Zamani nauli ilikuwa na mambo yote ndani yake: kiti, sanduku na chakula. Mwaka 2008 makampuni makubwa ya ndege ya Marekani yalianza kutoza pesa kwa sanduku la kwanza linalowekwa tumboni mwa ndege. American Airlines ilianza kwa dola 15. Wasafiri wengi wakaona afadhali wabebe mizigo yao mkononi. Makabati ya juu ya viti yakajaa upesi, na aliyeingia wa mwisho akakosa pa kuweka mkoba wake. Basi kuingia mapema, jambo ambalo hapo awali halikuwa na faida kubwa, likapata bei.

Kampuni nyingine ya huko, Southwest, iliyoanza kuruka mwaka 1971, haikuwa ikigawa viti kabisa. Kila abiria alijichagulia kiti akiingia, kama tunavyofanya katika matatu. Mwaka 2009 ikaanza kuuza nafasi ya mbele katika foleni. Kwa wasafiri wake, kuingia mapema na kuketi pamoja vilikuwa kitu kimoja. Hata hivyo familia zenye watoto wa miaka 6 kwenda chini ziliitwa baada ya kundi la kwanza, bila malipo ya ziada. Utaratibu huo wa kujichagulia viti ulikoma Januari 2026.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Makampuni yana hoja yao. Husema kwamba anayesafiri peke yake na mkoba mmoja hana sababu ya kumlipia mwenye masanduku matatu. Akitaka kiti cha dirishani alipe, asipotaka aketi popote na nauli yake iwe ndogo. Hoja hii si ya kudharauliwa. Kijana anayekwenda kutafuta kazi akiwa na akiba ndogo amefaidika na nauli hizo za chini.

Lakini hoja hiyo inahusu mambo ambayo mtu aweza kuyakosa bila madhara: dirisha, nafasi ya kunyosha miguu, kuingia kwanza. Mtoto wa miaka mitatu kuketi kando ya mama yake si jambo la aina hiyo. Fikirini maneno ambayo wahudumu wa ndege huyasema kabla ya kuruka. Humwambia mzazi kwamba hewa ikipungua avae kwanza kifuniko chake cha oksijeni, kisha amsaidie mtoto. Atamsaidiaje mtoto aliye safu nane nyuma? Mzazi amekabidhiwa kazi na kampuni yenyewe. Si haki kumpa mtu wajibu kisha kumuuzia kiti cha kuutekelezea wajibu huo.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili. Kanada iliweka kanuni zilizoanza kutumika Desemba 2019. Mtoto wa chini ya miaka 5 hupewa kiti kilicho kando ya mzazi au mlezi wake. Wa miaka 5 hadi 11 huketi safu moja naye, wakitenganishwa na kiti kimoja tu. Wa miaka 12 au 13 asiachwe mbali zaidi ya safu moja. Hayo yote hufanywa bila malipo ya ziada. Oneni hekima iliyomo: kadiri mtoto anavyokua, ndivyo haja ya kuwa kando yake inavyopungua. Kanuni hiyo haikusema lolote juu ya mume na mke kuketi pamoja, na ni sawa.

Huko Marekani, Bunge lilipitisha sheria mwaka 2016 iliyoitaka Wizara ya Uchukuzi iliangalie suala hili kwa watoto wa miaka 13 kwenda chini. Machi 2023 wizara ikaanza kutangaza hadharani ni makampuni gani yaliyoahidi kuwaketisha watoto kando ya mtu mzima wao bila ada, na Agosti 2024 ikapendekeza kanuni ya kupiga marufuku ada hiyo. Huko Ulaya, Ryanair humtaka mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 anunue kiti chake, kisha watoto hadi wanne hupewa viti karibu naye bure. Kwa jina ni bure, lakini mzazi amelipa. Ndiyo maana nasema wazazi wana haki ya kulalamika, tena kwa sauti.

Hata hivyo, tusitumie haki ya mtoto kuwa kisingizio cha kumwonea jirani. Wako watu wanaokataa kulipa wakijua kwamba, wakishaingia, watamwinua abiria mwingine. Abiria huyo huenda alilipia kiti cha pembeni kwa sababu ana goti bovu. Wanamwambia kwa uso mkavu, "Sisi ni familia, hama." Huko si kuweka akiba, bali ni kumtwika mgeni gharama mliyoikwepa. Kuomba si kosa. Lakini mwombeni mtu kwa adabu, mpeni kiti kilicho sawa na chake au bora kuliko chake, na akikataa msimnunie mpaka mwisho wa safari. Ikiwa ni mtoto mdogo aliyetengwa, mwiteni mhudumu wa ndege, kwa kuwa kosa si la abiria huyo. Na ikiwa mliotengwa ni ninyi wawili watu wazima, vumilieni. Padre aliyewafungisha ndoa hakuwauliza kama mtaketi safu moja angani.

Sasa turudi kwa bwana na bibi. Kuketi mbalimbali kwa saa nane hakuvunji ndoa. Kinachoumiza ndoa ni mmoja kuamua peke yake, na hasa mmoja kujinunulia raha na kumwachia mwenzake taabu. Yupo baba anayejilipia kiti chenye nafasi ya miguu, akaitwa mapema, akalala usingizi, huku mama yuko nyuma na mtoto mchanga mapajani na mwingine anayetapika kando yake. Akiulizwa husema miguu yake ni mirefu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama huyo hatasahau safari ile, na si kwa sababu ya kiti. Ameonyeshwa, mbele ya watu, kwamba watoto ni wake peke yake.

Kwa hiyo nawapa kipimo kimoja cha kutumia mkiwa bado mezani nyumbani: pesa ya ziada, ikiwa ipo, imfuate yule anayebeba mzigo. Kama mnaweza kulipia viti viwili tu, kiwe cha mtoto na cha yule atakayemlea njiani. Mwingine akae popote, na katikati ya safari aje wapokezane. Kama pesa hiyo ni karo ya muhula ujao, msiilipe kwa kuwaogopa watu watasema nini. Wala asidhihakiwe anayetaka kulipa kwa hofu ya kweli. Bibi anayemwogopea mtoto hapotezi pesa, analinda.

Kuhusu kuingia mapema, pimeni kwa macho makavu. Anayeingia kwanza hukaa muda mrefu zaidi kwenye kiti kilekile. Mtoto wa miaka miwili hatakushukuru kwa hilo. Makampuni mengi huwaita wenye watoto wadogo mapema bila ada, basi sikilizeni tangazo. Na mkiitwa, mmoja aweza kutangulia na mikoba, mwenziwe abaki na mtoto acheze mpaka foleni iishe.

Mengine ni ya kufanya kabla ya siku ya safari. Nunueni tikiti zote kwa pamoja, chini ya nambari moja, maana mkinunua mbalimbali kampuni haitajua kwamba ninyi ni jamaa. Andikeni umri wa watoto bila kukosea. Pigeni simu siku chache mbele mkaulize viti, na muulize pia kanuni yao juu ya watoto. Thibitisheni safari mara tu muda wa kufanya hivyo unapofunguliwa, na makampuni mengi huufungua saa 24 kabla ya ndege kuondoka. Fikeni uwanjani mapema mkaulize tena. Anayeuliza mapema hupata kiti kilicho wazi. Anayeuliza mlangoni mwa ndege hutafuta cha mwenzake.

Basi, wanandoa wapenzi, bwana alisema kweli kwamba sote tutashuka pamoja, na bibi alisema kweli kuhusu mkanda wa mtoto. Kauli hizo mbili hazipingani. Mtoto mdogo awe kando ya mzazi hata kwa kulipa, ikiwa kuomba kumeshindikana. Starehe nyingine zote zaweza kungoja. Ongeeni mpatane kabla ya kufungua mkoba wa pesa, ili atakayeketi mbali aketi kwa mapatano, si kwa kinyongo.