Ada ya Septemba

Matonge, mtaa wetu wa Wakongo mjini Brussels, ulikua kandokando ya Maison Africaine, nyumba iliyopokea wanafunzi wa Kongo hapa Ixelles tangu 1961. Siku hizi, kila Septemba, kutoka barabara ya Chaussée de Wavre tunatuma pesa za shule hadi vijiji vya Kivu, Kongo. Tangu 2019 shule za msingi za serikali kule ni bure. Sekondari bado mzazi analipa. Mtoto asiyelipiwa hurudishwa nyumbani, hata akiwa anajiandaa kwa mtihani wa serikali wa mwaka wa mwisho, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ukituma leo, mpigie mtoto mwenyewe. Muulize anasoma nini, kitabu gani anakosa, na kama mwalimu wa hesabu amepatikana.