Nilimwambia Dada Aridhike

Jumapili moja, nikiwa ndiyo nimetoka ibadani, dada anayetusaidia kazi nyumbani alinifuata jikoni. Mimi na yeye tunaitana dada, watoto nao wanamwita dada, kwa hiyo mgeni akija kwetu anaweza kudhani sisi ni ndugu. Alikuwa na ombi. Mdogo wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza huko Singida, mama yao hana kitu, basi kama ingewezekana nimwongezee elfu ishirini. Alikuwa analipwa 80,000, aliomba iwe 100,000.

Nilimjibu kwa upole kabisa. Nikamwambia hali ni ngumu kwa kila mtu. Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza: "Dada, maisha ni kuridhika. Hata Biblia inasema."

"Haya, dada," akasema, akarudi kwenye vyombo.

Jioni simu yangu ikaita meseji. Nilikuwa nakumbushwa rejesho la wiki: 25,000. Simu yenyewe niliichukua kwa mkopo Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ile mikopo ambayo ukichelewesha malipo simu inafungwa. Ya zamani ilikuwa nzima. Nilijiambia mwandishi wa habari anahitaji kamera nzuri, na hilo lina ukweli wake, lakini ukweli mkubwa zaidi ni kwamba wenzangu ofisini walikuwa wameshabadilisha zao. Nikapiga hesabu palepale kitandani. Nyongeza aliyoomba dada kwa mwezi mzima haifikii ninachotoa mimi kwa wiki moja.

Kilichonikosesha usingizi si simu. Ni lile neno, kuridhika. Nimelisikia tangu shule ya Jumapili, na nilikuwa nimelitoa mdomoni kama mtu anayefunga mlango. Nikaamua kurudi kuangalia limeandikwa wapi, na hasa anaambiwa nani.

Katika Luka sura ya 3, askari wanamuuliza Yohana Mbatizaji na wao wafanye nini. Anawakataza kuwaonea watu, anawataka kipato chao kiwatoshe. Tazama anaongea na akina nani. Ni watu wenye nguvu, ambao wakitamani zaidi ya walichonacho, kuna mnyonge mahali atakayeilipia tamaa hiyo.

Paulo naye, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anasema kuridhika amejifunza. Anajisemea yeye mwenyewe. Na katika sura hiyohiyo ya 4 anawashukuru kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Yaani mtu aliyeridhika bado alikuwa na mahitaji, na ndugu zake hawakuutumia moyo wake wa kuridhika kama sababu ya kutotoa.

Lakini iliyonibana zaidi ni habari ya mana katika Kutoka 16. Kipimo kilikuwa idadi ya watu waliomo hemani. Waliokusanya vingi havikuwazidi, waliokusanya vichache havikuwapungukia, na waliojiwekea akiba mpaka asubuhi waliikuta ina funza. Sasa dada analala hemani mwangu. Anaamka kabla yangu. Kwenye hesabu zangu za kinachotutosha sisi, hakuwemo.

Najua mtu atasema, kwa hiyo kununua simu ni dhambi? Hapana. Wale vijana wa Aggrey nao wana watoto, wanakula kwa sababu sisi tunanunua. Wala sisemi maskini hahitaji kujifunza kuridhika. Nimewajua wanawake wasio na kitu waliokuwa na amani kuliko mimi. Ila amani yao waliitafuta wenyewe kwa Mungu. Hawakupewa na bosi badala ya mshahara.

Na kiukweli kanisani hatusaidiani sana kwenye hili. Kipindi cha ushuhuda nimesikia viwanja, magari, visa za kwenda nje. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kushuhudia kwamba mwaka huu vimemtosha. Angefanya hivyo, sijui tungempigia makofi au tungemwombea. Tukishatoka pale ndipo kuridhika kunapogawiwa, na kunagawiwa kwenda chini tu: kwa dada wa kazi, kwa mlinzi, kwa fundi anayedai chake.

Siku hizi nikitaka kitu najiuliza swali moja kabla sijauliza bei: nikikichukua hiki, ni nani nitakayemwambia sina? Swali hili halijanifanya mtakatifu. Mara nyingine najibu, na bado nanunua. Ila angalau namjua mtu huyo kwa sura.

Mwisho wa mwezi ule nilimpa dada laki moja. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, nikaona aibu. Mkopo wa simu nimeshaumaliza, na kioo chake kimeshapata ufa.

Elfu ishirini ilikuwa rahisi kutoa. Ile kauli ya jikoni ndiyo bado sijairudisha. Kila Jumapili nasema leo nitamwambia, "Dada, siku ile sikukuambia neno la Mungu, nilikuambia la kwangu." Halafu namkuta anaosha vyombo, ananiuliza kama nimeshakula, nami nasema bado, nakaa mezani.