Farasi Mwenye Mbawa Mbili



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, naanza kwa kukiri kosa. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Buyenzi, Bujumbura, nikaombwa nisaidie kusomesha watoto katika madrasa ya mtaani. Kulikuwa na mtoto wa miaka saba aliyekuja kila siku na farasi aliyemtengeneza mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba. Farasi wa kweli hajapata kumwona, ila kwenye simu na televisheni. Wenzake wakisoma, yeye anamkimbiza farasi wake juu ya mkeka. Siku ya tatu nilimnyang'anya, nikamtupa nje ya dirisha, nikamwambia mbele ya wote kwamba hapa tunasoma dini, hatuchezi. Watoto wakacheka. Nikajiona nimelinda heshima ya darasa.

Hakurudi tena. Siku chache baadaye bibi yake alinisubiri nje ya msikiti baada ya Alasiri. Hakunigombeza.

"Maalim, mwanangu," akasema, "mjukuu wangu hataki tena madrasa. Ananiambia, kumbe Mungu hapendi farasi."

Maneno hayo yalinichoma. Mwenyezi Mungu (S.W.) ameapa kwa farasi! Sura ya 100, Al-Aadiyaat, inafunguliwa kwa kiapo cha farasi wanaokwenda mbio, kama walivyofasiri wafasiri wengi. Katika Suratun Nahl, aya ya 8, farasi wametajwa miongoni mwa neema tulizopewa, wa kupanda na wa pambo. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kheri imefungamana na paji la farasi mpaka Siku ya Kiyama. Yote hayo nayajua, nimeyafanyia mtihani. Lakini kwa dakika moja ya hasira nilimfundisha mtoto kinyume chake.

Usiku ule nikairudia hadithi aliyoipokea Abu Daud. Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka vitani, Tabuk au Khaybar. Upepo ukafunua pazia, vikaonekana vinyago vya Bi Aisha (R.A.). Katikati yake alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume akauliza ni nini hicho. Akajibiwa ni farasi. Akauliza, na hivyo vilivyo juu yake? Akajibiwa ni mbawa. Akastaajabu: farasi ana mbawa? Bi Aisha akamuuliza kama hakusikia kwamba Nabii Sulayman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Darasani hadithi hii tuliibishania sana kwa ajili ya hukumu ya vinyago. Maswali ya Mtume tuliyapita tu. Hebu tuyatazame sasa.

Kwanza, aliuliza. Farasi alikuwa anamwona, lakini aliuliza ili mwenye farasi apate kusema.

Pili, mchezo ulitoa elimu. Bi Aisha alikuwa amesikia habari za Nabii Sulayman, na habari hizo zikakaa kwa farasi wake wa kuchezea. Mtoto huweka anachojifunza karibu na anachokipenda. Ukikitupa kile anachokipenda, huenda ukatupa na elimu iliyokuwa imekaa hapo.

Tatu, alicheka kwa furaha. Hakumcheka yeye. Huyo Bi Aisha ndiye ambaye Maswahaba wakubwa walimwendea kuuliza mambo ya dini, na hadithi zilizopokewa kwake zimehesabiwa kufika 2,210. Sisemi farasi wa kitambaa ndiye aliyemfanya awe mwanachuoni. Nasema asiyefedheheshwa kwa kujibu, hataogopa kuuliza.

Kesho yake nilikwenda kwa yule bibi nikiwa na majani ya mgomba. Nikamwomba mtoto radhi, nikamwomba anifundishe kumtengeneza farasi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kufunga miguu. Nikamuuliza, "Farasi wako anakwenda wapi?"

"Anakimbia vitani. Lakini amechoka."

"Akichoka anapumuaje?"

Akahema kwa nguvu kutoka kooni. Ndugu zangu, ile ndiyo haa ya katikati ya koo ambayo alishindwa kuitamka! Nikamwambia kwamba pumzi hiyo ya farasi imo ndani ya Qur-ani, katika neno dhabhaa, mwisho wa aya ya kwanza ya Al-Aadiyaat. Akanitazama kama ambaye haamini. Akalirudia neno lile, safari hii kwa haa yake. Mpaka Magharibi alikuwa amehifadhi aya tano, zenye cheche za kwato na vumbi la alfajiri. Aya ya sita, inayomtaja mwanadamu kwa kutomshukuru Mola wake, niliisoma nikijua inanihusu mimi kwanza.

Hata hivyo, mapenzi yanahitaji kuongozwa. Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba farasi kwa mtu mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni yule yule. Nia ndiyo iliyotofautiana. Kazi ya mwalimu ni kuyashika mapenzi ya mtoto kwa hatamu na kuyaelekeza kwa Mola wake.

Wengi wetu likizoni tunasomesha madrasa, na kesho tutakuwa wazazi. Huyu anapenda farasi, yule mpira, mwingine magari. Kabla hujanyang'anya, uliza: hiki ni nini? Kisha usikilize jibu mpaka mwisho.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa watoto tuliowafukuza kwenye elimu yako huku tukidhani tunailinda. Tujaalie ulaini wa Mtume wako katika kufundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.